Khutba ya Ijumaa: Barua kwa Binti Aliye Mbali na Kwao

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa pana, akawatawanya waja wake humo kwa hekima yake, na akatia katika nyoyo zao mapenzi ya pale walipozaliwa. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye naye aliutoka mji wake huku moyo wake ukiupenda, na ziwafikie Ahali zake na Sahaba zake, waliohama na waliowapokea waliohama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu mliokusanyika katika msikiti huu wa Kasanda, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, nakuusieni, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na miongoni mwa mambo ambayo humo hujulikana ucha Mungu wa mtu ni namna anavyowatendea jamaa zake walio mbali na macho yake. Aliye karibu nawe atakushika nguo akidai haki yake. Aliye mbali hana mkono wa kukushika. Haki yake iko baina yako na Mola wako.

Leo nitazungumza juu ya kitu kinachoonekana kidogo, nacho ni barua. Nakusudia barua ambayo wazazi humwandikia binti yao aliyeolewa na kwenda kuanza maisha katika nchi ngeni, akafyeka pori, akajenga, akalima, na usiku akalala akilia kwa hamu ya kwao. Pengine mmoja wenu atasema: Sheikh, hili nalo ni jambo la mimbari? Nami nasema ndiyo. Katika Sura ya An-Naml Mwenyezi Mungu ametusimulia habari ya barua ya Nabii Sulaiman kwa Malkia wa Sabaa, jinsi ilivyopelekwa, jinsi ilivyosomwa mbele ya wakubwa wa nchi, na jinsi ilivyoanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Ikiwa barua imepewa nafasi ndani ya Kitabu kitukufu, basi haikosi nafasi katika mimbari ya Kasanda.

Ndugu zangu, nchi hii ya milima ya Buha imezoea kuagana. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa upande huu wa Kibondo kutoka katika miji yao iliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi mapya. Kisha likaja jambo la mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kutafuta vibarua, kilichoitwa SILABU, na vijana wengi wa Kiha wakachukuliwa kutoka Kasulu na Kibondo kwenda katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Walio wazee humu wanawakumbuka waliorudi, na wanawakumbuka pia wale ambao hawakurudi. Baada ya Uhuru ikaja Operesheni ya mwaka 1972 katika mkoa wetu wa Kigoma, watu wakahamia vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa kuhamishwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa watu wote wa Tanzania Bara, na mwaka 1975 ikatungwa sheria ya vijiji. Katika kila safari ya namna hiyo palikuwa na mama aliyebaki kizingitini akiangalia njia, na palikuwa na binti aliyegeuka nyuma mara nyingi kabla ya kukata kona.

Sasa je, hamu ya kwao ni dhambi? Je, ni upungufu wa imani? Wapo wanaosema hivyo. Binti akilia huambiwa: huna shukrani, mume unaye, shamba unalo, unalilia nini? Wenye kusema maneno hayo na wasikilize khabari hii.

Mtume (S.A.W.) na Sahaba zake walipohamia Madina, Abubakar na Bilal walishikwa na homa, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Mama yetu Aisha anasimulia, na hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Bilal homa ilipompungua alikuwa akipaza sauti kwa mashairi, akitamani apate usiku mmoja tu katika bonde la Makka, azungukwe na majani yanayoota huko, ayanywe maji ya huko, na aione milima ya huko. Tazameni, ndugu zangu, ni nani anayesema hivi. Ni Bilal! Makka ndiko alikoteswa, ndiko alikolazwa juu ya mchanga wa moto na kuwekewa jiwe kifuani. Juu ya hayo yote, alipougua ugenini aliyakumbuka majani ya bonde lake.

Aisha akaenda kumweleza Mtume (S.A.W.). Je, Mtume alimkemea Bilal? Alimwambia huna shukrani? La. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Aifanye kuwa nchi ya afya. Awabarikie pishi zake na vibaba vyake. Na aiondoe homa yake. Sikieni mpango wa dua hiyo. Kwanza moyo, kisha afya, kisha chakula. Mtume (S.A.W.) alijua kwamba mtu hawezi kukaa vizuri katika nchi asiyoipenda, hata kama mavuno ni mengi. Na alijua kwamba mapenzi ya nchi mpya hayaji kwa kukemewa. Huombwa kwa Mungu, na huja taratibu.

Na mtazameni mama yetu Hajar. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kufungua makazi mahali ilipo Makka leo. Aliachwa na mtoto wake mchanga katika bonde lisilo na mmea, akiwa na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Alipojua kwamba hiyo ni amri ya Mungu aliridhika, akasema kwamba Mungu hatawapoteza. Hiyo ndiyo imani. Lakini hadithi haikuishia hapo. Maji ya Zamzam yalipochimbuka, watu wa kabila la Jurhum wakapita, wakamwomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Hajar akawakubalia, kwa sharti kwamba maji ni haki yake. Na mapokeo yanasema kwamba jambo hilo lilimpendeza kwa sababu alikuwa akipenda kuwa na watu. Mwanamke mwenye imani kubwa kama hiyo naye alihitaji wenzake! Basi msimlaumu mke kijana aliyeletwa hapa kutoka Ujiji, au Mwandiga, au Tabora, akisema kwamba siku ni ndefu na hana wa kuzungumza naye.

Ndugu zangu, nataka sasa nikusimulieni jambo la nyumbani kwetu. Sikulichukua katika vitabu. Nalisema kwa ruhusa ya mwenyewe, na ndani yake mimi ndiye mwenye kosa.

Sisi ni watu wa Ujiji. Mwaka 1981 dada yangu mkubwa aliolewa na mtu mwema, ambaye aliamua kuja kulima huku Kasanda. Wakaja, wakapewa sehemu yao, wakafyeka miyombo, wakajenga nyumba ya udongo na kuiezeka nyasi, wakapanda mahindi, maharage na muhogo. Nyinyi mliozaliwa huku hamwoni ugumu wake. Lakini mfikirieni binti aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, katika mji wenye nyumba zilizobanana, ambako ukikohoa jirani anakuambia pole. Alizoea migebuka na dagaa wabichi, alizoea joto, alizoea adhana ya misikiti mingi. Akaja katika baridi na ukungu wa asubuhi, lugha yake ni Kiswahili, na kinamama wa hapa wakimwamkia kwa Kiha hajui kuitikia. Na miaka hiyo, mnakumbuka, ilikuwa ni miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa shida, sukari shida, mafuta ya taa shida. Kutoka Ujiji mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa masika lori liliweza kulala njiani.

Dada alikuwa akituandikia barua. Nyingine zilikuja kwa posta, nyingine kwa mikono ya madereva na wachuuzi wa mawese. Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mara nyingi hayupo. Mama alikuwa amehitimu Qurani chuoni utotoni mwake, lakini herufi za shuleni hakuzijua. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa darasa la sita, ndiye niliyekuwa macho yake na mkono wake. Barua ikija naisoma, na mama akitaka kujibu nami naandika.

Siku moja ilikuja barua ndefu. Ilianza kama barua zetu zote: salamu nyingi, kisha sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu. Nikasoma kwa sauti. Kisha nikafika mahali ambapo dada alieleza kwamba mimba yake imeharibika, kwamba alikuwa peke yake siku hiyo, na kwamba tangu hapo hapati usingizi. Aliandika kwamba akifumba macho husikia mawimbi ya ziwa, na akiyafumbua hukuta ni upepo katika miti. Akamwuliza mama: nifanye nini?

Nilikuwa mtoto. Nilimtazama mama, alikuwa akichambua mchele huku anatabasamu kwa sababu ya salamu. Nikaona sitaki kumliza. Nikayaruka maneno yale. Nikasoma mwisho wa barua: wasalimie wote, wasalaam. Mama akasema alhamdulillahi, mwandikie kwamba sisi wazima, na kwamba avumilie maisha ya shamba. Nikaandika hivyo hivyo.

Ndugu zangu, tazameni kilichotokea. Mimi nilidhani nimefanya wema. Lakini kule Kasanda dada yangu alipokea jibu, akalifungua kwa mikono inayotetemeka, akakuta kwamba mama yake, baada ya kusikia msiba wake wote, amemjibu kwa neno moja: vumilia. Hakuna pole, hakuna dua, hakuna swali. Akaikunja ile karatasi. Hakutuandikia tena kwa muda wa miezi saba. Na kila mama alipouliza mbona kimya, mimi nilisema pengine ni barabara.

Siri ilifichuka siku alipokuja Ujiji mama mmoja mchuuzi aliyetoka huku. Alifika nyumbani, akamshika mama mkono, akampa pole ya mjukuu. Mama akashangaa. Akazitoa barua zote chini ya godoro, akazipeleka kwa mwalimu, akasomewa moja baada ya moja mpaka mwisho. Aliporudi hakunipiga. Heri angenipiga. Aliniambia tu: mwanangu, nilikupa macho yangu ukayafumba.

Kesho yake alipanda lori. Akaja hapa Kasanda akiwa na kikapu cha dagaa wakavu na dumu la mawese, akakaa na mwanawe mpaka maharage yalipovunwa. Yaliyozungumzwa baina yao siyajui na wala sistahiki kuyajua.

Lakini nayajua aliyoyafanya aliporudi. Alichukua daftari na kalamu, akakaa sebuleni kila baada ya sala ya Alasiri, akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile alizofunzwa chuoni kwa ajili ya Qurani. Wazee wetu waliandikiana hivyo kwa karne nyingi, lakini yeye hakuwahi. Na dada naye, kwa kuwa alipita chuo hicho hicho, aliweza kuzisoma. Barua ya kwanza ya mama ilikuwa na mistari minne, na ilimchukua siku tatu. Kuanzia hapo mimi sikuitwa tena kusoma wala kuandika. Mama na binti yake walipata njia yao wenyewe.

Dada yangu hakurudi Ujiji kukaa. Alibaki Kasanda, akapata watoto, akajua Kiha, na leo ni bibi wa wajukuu wengi. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia habari hii, alinyamaza kidogo kisha akasema: sema, lakini usiwaambie watu kwamba nilivumilia. Waambie kwamba nilijibiwa.

Nasema maneno haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu zangu, tuchukue mafunzo. Nitayataja matano, na kila mmoja achukue lile linalomhusu.

La kwanza ni amana ya msomaji na mwandishi. Katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Maneno ya mtu ni amana. Anayesomea wengine barua, anayewaandikia, anayepelekewa ujumbe aufikishe, amebeba mali isiyo yake. Hana haki ya kupunguza wala kuongeza, hata kwa nia njema. Huruma isiyo na amana humdhulumu yule yule unayemhurumia. Ukiona khabari ni nzito, mtafute mtu mzima mwenye busara akae karibu, kisha usome. Usiiruke. Na wanafunzi mnaonisikiliza, ambao nyumbani ndinyi mnaoshika simu ya bibi na kumsomea ujumbe, mafunzo haya ni yenu hasa.

La pili ni kusema kweli katika barua. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Ahzab tuseme maneno yaliyo sawa. Sisi tumezoea kuandika kwamba huku hatujambo, hata kama mzee amelala mwezi mzima kitandani. Binti anaendelea na kilimo chake akidhani kila kitu ni salama, mpaka siku anapoletewa habari ya msiba, na kaburi limekwisha kuota majani. Hapo anajiuliza: katika barua zile zote, ni ipi iliyokuwa ya kweli? Mwambieni mapema kwamba baba anaumwa. Mpeni nafasi ya kuomba dua, na ya kuja kumwona akiwa hai. Kadhalika msimwandikie kila siku juu ya njaa na magomvi ya ukoo hadi akose raha. Kuna kusema kweli, na kuna kumtwisha aliye mbali mizigo asiyoweza kuitua. Mwenye hekima anajua tofauti yake.

La tatu ni neno hili: vumilia. Subira ni nusu ya mambo ya dini yetu, na malipo yake ni makubwa. Lakini subira ni dawa, na mganga hatoi dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Binti akiandika kwamba ana huzuni, ulizeni kwanza: ni hamu ya kwao tu, au ni ugonjwa? Ni upweke, au anapigwa? Ana chakula, au ananyimwa? Ikiwa ni hamu, mfarijini, mtieni moyo, na muda utafanya kazi yake. Ikiwa ni ugonjwa, mpelekeni hospitali. Ikiwa ni dhuluma, basi kumwambia avumilie ni kumsaidia dhalimu. Hapo wajibu wenu ni kutuma watu wazima wa pande mbili wakae, kama Qurani ilivyotufundisha juu ya waamuzi kutoka jamaa za mume na jamaa za mke. Na wako wazazi wanaokosea upande wa pili: binti akilalamika mara moja tu kwamba kuni ziko mbali, wanamwandikia arudi. Hao huvunja nyumba ambayo ingesimama. Ulizeni kabla ya kujibu.

La nne ni juu yenu waume mliowaleta wake zenu ugenini. Mmeamrishwa kukaa nao kwa wema. Katika wema huo imo nafasi ya kuwasiliana na wazazi wake bila ya kuchunguzwa kila neno, na imo nauli ya kwenda kuwasalimu kwao inapopatikana. Kila mavuno unatenga mbegu na unatenga gharama ya pembejeo. Tenga na nauli ya mama watoto. Umemtoa katika nyumba iliyojaa watu, usimfungie katika nyumba isiyo na sauti. Nanyi kinamama wenyeji, kumbukeni habari ya Jurhum na Hajar. Mgeni akihamia jirani, mwamkieni, mfundisheni lugha, mwonyesheni kisima na njia ya sokoni. Sadaka hiyo haihitaji hata senti moja.

La tano ni juu ya kuwafundisha mabinti kusoma na kuandika. Mama yangu aliokolewa na herufi alizopata chuoni. Lau asingekuwa nazo, angebaki maisha yake yote akisikia kwa masikio ya mwingine. Mzazi anayemtoa binti yake shule au madrasa kabla hajajua kuandika barua yake mwenyewe anamfanya awe na mlinzi juu ya kila siri yake. Na siku atakapokuwa katika shida kubwa, pengine yule atakayemwandikia ndiye huyo huyo anayemtia shidani.

Ndugu zangu, mtu atasema: Sheikh, barua zimepitwa na wakati, siku hizi kuna simu. Ni kweli, nasi tunamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Lakini nakuulizeni: simu imezidisha kuulizana hali, au imezidisha kutumiana hesabu? Wako mabinti waliotoka mkoa huu, wako Dar es Salaam, wako Uarabuni katika kazi za nyumbani, na simu zinazowafikia kutoka kwao ni za namna moja: tuma. Hakuna anayemwuliza kama amelala, kama amekula, kama anatendewa wema. Dakika tatu, maneno ni fedha, kisha simu imekatika. Barua ya mama ya mistari minne ilikuwa na kheri kuliko simu mia za namna hiyo. Chombo kimebadilika, lakini wajibu haujabadilika.

Na tusiwasahau majirani zetu. Katika wilaya hii yetu ya Kakonko, iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, tumeishi na kambi ya Mtendeli mpaka ilipofungwa mwaka 2021, na wenzetu wa Kibondo na Kasulu wameishi na kambi za Nduta na Nyarugusu. Mmewaona wenyewe watu waliokimbia kutoka Burundi na Kongo, wakiwa hawajui mama yuko wapi wala mtoto yuko wapi. Msalaba Mwekundu umekuwa ukiwapelekea watu wa namna hiyo barua za wazi za khabari za jamaa, karatasi moja tu, na mtu hulia kwa furaha kwa kuona mwandiko wa ndugu yake. Wao wanatafuta jamaa zao kwa machozi. Sisi tunao, tunajua walipo, tunajua namba zao, na mwaka unapita hatujawauliza. Tutamjibu nini Mwenyezi Mungu?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayeunga udugu hasa si yule anayelipa tu alichotendewa, bali ni yule ambaye udugu ukikatika upande wa pili yeye huuunga. Kwa hiyo usiseme: yeye ndiye hakunijibu. Mimi najua kwa nini dada yangu hakujibu kwa miezi saba. Pengine na wako ana sababu kama hiyo, na huenda kosa limo katika barua yako mwenyewe.

Nanyi mabinti mlio ugenini, neno langu la mwisho ni lenu. Hamu ya kwenu si aibu. Bilal alikuwa nayo. Semeni kweli mnapoandika, wala msiseme ni wazima hali mnaumwa, kwa sababu wazazi hawawezi kujibu wasichoulizwa. Na pamoja na hamu hiyo, ipandeni miche katika nchi mliyofika. Jifunzeni lugha yake, waamkieni wenyeji wake, na mwombeni Mwenyezi Mungu kama alivyoomba Mtume (S.A.W.), aipendezeshe kwenu na abariki vibaba vyake. Ardhi yote ni ya Mungu, na kila kibla kinaelekea nyumba moja.

Leo jioni, kabla ya sala ya Magharibi, kila mmoja wetu na amkumbuke jamaa mmoja aliye mbali, amwandikie au amwite, na asimwombe kitu. Amwulize hali yake, kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho, hata kama jibu ni zito.

Ewe Mola wetu, waunganishe waliotengana, na wafariji walio wapweke katika nyumba za ugenini. Uwaponye wagonjwa wao, uwabarikie mashamba yao na watoto wao. Utusamehe maneno ya watu tuliyoyaruka, na amana tulizozipunguza tukidhani tunafanya wema. Uwarehemu wazazi wetu waliotangulia, waliotungojea kizingitini. Uifanye nchi yetu kuwa ya amani na mvua ya kheri. Amin, ewe Mola wa walimwengu wote.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.